Shangazi Koleo

Mkono wa shangazi ulikuwa ndani ya taa, vidole vinne vimelazwa chini ya mwanga wa zambarau kama watoto waliofunikwa shuka moja, na uso wake ulikuwa umetulia tuli. Niliutazama uso ule kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni. Hakukunja jicho. Hakuvuta mkono. Hakusema "ai" wala "mama yangu". Alikuwa anasoma bei zilizobandikwa ukutani, akiguna.

"Kumbe kutengeneza kucha ni ghali kuliko kushona gauni? Na mimi nakesha na cherehani kama mjinga!"

Moyoni nilikuwa nishaanza kucheza. Nimefaulu. Meza ya dirishani ni yangu.

Nyuma yangu Bosi hakucheka. Na Bosi, mwenye saluni ile, alikuwa mama ambaye kicheko chake kilitangulia kufika kazini kabla ya mwili wake.

Nilikuwa nimeingia pale nikidhani jeli ni jeli. Duka la viatu lilinifukuza, jikoni kwa watu nikajifukuza mwenyewe. Maisha yalikuwa yamenizaba makofi pande zote mbili za uso, nikabakiwa na mdomo tu, mzima, unaofanya kazi. Nikajiambia, kupaka kucha ni kazi ya kupumzikia: unachovya, unapaka, unapuliza. Mteja wangu wa kwanza nilimpulizia mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Yeye na Bosi walikuwa wananitazama tu.

"Ukichoka kumpulizia, mwimbie," Bosi alisema. "Jeli haikaushwi na pumzi, mwanangu. Ni taa. Bila taa utapuliza mpaka huyu dada apate wajukuu, na kucha bado mbichi."

Kisha akapanga chupa tatu mezani na kunitambulisha kwazo kama anayenionyesha ukoo wa mume.

"Huyu ni jeli ya rangi. Mwembamba, mgeni wa siku chache. Ukimfunika na pamba ya asetoni, anaaga mwenyewe. Huyu wa pili ni jeli ya kujengea. Mzito. Anaipa kucha mgongo isivunjike. Mfikirie kama mpangaji: kuhama atahama, lakini mpaka mbembelezane. Na huyu wa mwisho, jeli ngumu, ni mama mkwe. Hatoki kwa asetoni, hatoki kwa machozi. Ni kumpunguza kwa tupa, taratibu, huku unatabasamu."

Nilicheka, nikadhani nimeelewa. Aliyenitoa jasho ni yule mpangaji.

Jeli ya kujengea ina siri yake: ikiganda chini ya taa, hutoa joto. Ukiipaka nyembamba, mteja anahisi uvuguvugu, basi. Ukiipaka nene, unamkaanga. Kwa hiyo unaweka kidogo, unaingiza taani, unaongeza kidogo. "Na mkono ukishakuwa ndani ya taa," Bosi alinionya, "usitazame kucha. Tazama uso. Kucha haina mdomo." Akaniahidi meza ya dirishani siku nitakapompaka mtu mzima jeli ile, mbele yake, bila mtu huyo kuruka.

Mkono wangu ulikuwa mzito. Nilipaka kama fundi anayepiga plasta. Jirani yetu mmoja aliipiga meza teke, chupa zikatawanyika. Kaka yangu aliuchomoa mkono kwenye taa akaniuliza ni adui yake yupi amenilipa. Habari zikasambaa. Mtaani watu wakiniona naja, walitia mikono mifukoni.

Ndipo shangazi akajitolea.

Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea, na alikuwa fundi cherehani wa kusifiwa. "Njoo unikaange mimi," alisema. "Hao vijana wako wamelelewa na pamba."

Nyumbani tulimwita Shangazi Koleo. Jina nilimpa mimi. Alikuwa anaepua sufuria motoni kwa mikono mitupu, anaiweka chini bila haraka, kisha anatugeukia sisi tuliokuwa tunahangaika kutafuta kitambaa. "Mnatafuta nini? Harusi?" Tulipiga makofi. Wageni wakija, nilimwomba aepue tena wamwone. Siku za karibuni vifungo alivyoshona vilikuwa vinadondoka kwenye mashati ya wateja, naye akalaumu macho, akanunua miwani mpya, akamlaumu na muuza miwani. Alikuwa pia anakunywa maji kama aliyetoka kutembea jangwani. Hilo nalo lilipata utani wake. Familia yetu haikuacha kitu kipite bila kukipa utani.

Basi siku ya mtihani nikampaka. Nikamwingiza taani. Hakushtuka.

Taa ilipozimika Bosi aliuchukua mkono wa shangazi, akautazama kwa ubavu, usawa wa jicho, kama seremala anayekagua ubao. Nami nikaona alichokiona. Kucha ya kidole cha kati ilikuwa na nundu kama kobe. Sikuwa nimejifunza kitu. Nilikuwa nimepiga plasta ile ile.

"Hii imekauka kwa mkupuo mmoja?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bosi. Labda mkono wangu umeanza kuwa mwepesi."

Alichukua brashi yangu na chupa ile ile, akajipaka kidole gumba kwa unene ule ule, akakiingiza taani. Mama huyu alikuwa ameshika kucha za watu tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Aliutoa mkono kwa nguvu hata taa ikalala ubavu, na neno lililomtoka lilimfanya mteja aliyekuwa chini ya kikaushio cha nywele ainue kichwa kuangalia ni nani amekufa.

Shangazi alicheka. "Na wewe umelelewa na pamba?"

"Dada yangu," Bosi alisema huku akikipunga kidole hewani, na sauti yake ilikuwa imevuliwa utani wote. "Wewe hukuhisi kitu?"

"Kitu gani?"

"Moto."

"Moto upi? Taa yenyewe kama ya kuchezea watoto."

"Hebu fumba macho."

Alichukua kile kijiti cha kusukumia ngozi ya kucha, chembamba, chenye ncha. Akakigusisha kidole kidogo cha shangazi. "Nimegusa kipi?"

"Bado hujagusa."

Akahamia kidole cha pete. Alibonyeza mpaka ngozi ikapauka kuzunguka ile ncha.

"Na sasa?"

"Mama, nina gauni la watu nyumbani," shangazi alisema, macho kayafumba, anatabasamu. "Kama unagusa, gusa twende."

Kuna mshtuko unaokuja na kelele, na kuna ule unaopenya kama maji chini ya mlango. Unashtuka miguu ishalowa. Nilisimama na brashi aliyonirudishia Bosi na jeli ikadondokea kiatu changu. Niliziona sufuria zote. Nilituona sisi tukipiga makofi.

"Vua viatu," Bosi alisema.

Shangazi alifumbua macho. "Nimekuja kwa kucha za mikono, mimi."

"Vua, dada. Nakuomba."

Nilipiga magoti nikamvua mwenyewe. Raba nyeusi, alizozivaa kutwa akikanyaga cherehani. Soksi ilikuwa imeshika unyayoni, ikatoka kwa kusita, na ilipotoka ilikuja na harufu. Shangazi alikuwa mtu wa sabuni na manukato; harufu ile asingemsamehe mtu mwingine. Katikati ya unyayo, pale panapobeba uzito, palikuwa na shanga ndogo ya bluu.

Nikadhani imegandia tu. Nikapitisha kidole niipanguse. Haikutoka. Ilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe, yote, ilikuwa ndani.

Shangazi aliinama juu ya bega langu, akasogeza miwani. "He! Si pini yangu ile! Nimeitafuta chumba kizima. Nikamsingizia paka wa watu." Akacheka. Alicheka peke yake, kicheko kikaenda, kikakosa wa kukipokea, kikarudi. Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona hivyo? Haiumi."

Hilo "haiumi" ndilo lililonimaliza.

Nilinyoosha vidole niivute. Bosi akanipiga kofi la mkono. "Usiiguse! Hospitali." Alikuwa tayari anatafuta mkoba wake, na kidole gumba chake bado chekundu. "Wateja wa kuoshwa miguu nawauliza kwanza kama wana sukari," alikuwa anasema, sijui kwa nani. "Wa mikono sijawahi kumuuliza hata mmoja."

Kwenye benchi la hospitali shangazi alikaa, mguu umenyooshwa juu ya mapaja yangu, kucha zake mpya zinang'aa kupita kitu kingine chochote katika ukumbi ule. Niliogopa anafikiria mguu. Niliogopa anafikiria mikono, sindano, uzi, miaka yote ya kazi. Hatimaye akaniinamia sikioni.

"Kwa hiyo yule jirani, na kaka yako," alisema, "walikuwa wanaumia kweli?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nilidhani hawana adabu."

Ilikuwa sukari. Alikuwa ameishi nayo bila kujua, nayo ikawa inamzimia hisia kama taa, chumba kwa chumba, ikianzia miguuni. Walichimba, wakaosha, wakafunga. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza nasi habari za msumeno. Mguu ukabaki mguu. Alipouliza ni nani aliyegundua, shangazi akamjibu, "Taa ya kucha," na daktari akamwandikia wampime homa.

Bosi alinifelisha. Alinifelisha siku ile ile, palepale kwenye benchi, mikono yake ikiwa imeushika wangu. "Nundu zako ni za kobe," alisema. "Kesho uje mapema."

Jina la Koleo halikutamkwa tena nyumbani. Hatukukubaliana, kila mtu alilikwepa kivyake, kama ngazi iliyovunjika. Sufuria huepuliwa kwa kitambaa, na shangazi husubiri kitambaa kije. Kila asubuhi hukung'uta viatu vyake na kukagua nyayo kwa kioo cha mkononi, anazisemesha kama wanafunzi waliopanga mstari. Bado anashona. Anashona kwa macho sasa, polepole, na vifungo vyake havidondoki.

Meza ya dirishani niliipata, baada ya mikono mingi mingine. Siku moja mlango ulifunguliwa, shangazi akaingia, akaketi mbele yangu na kuweka mkono mezani kama mtu anayeweka karata.

"Nipake rangi. Huyo mgeni mwembamba. Mama mkwe sitaki kumwona."

Nilimpaka nyekundu, tabaka jembamba kama ngozi ya kitunguu, bila kugusa nyama za pembeni. Nilipomaliza, nilijipaka na mimi kidole kimoja, kwa brashi ile ile, unene ule ule. Nikauingiza mkono wangu taani kando ya wake. Vilibanana mle ndani, vidole vyake na changu, chini ya mwanga wa zambarau.

"Sasa wewe unatafuta nini humu?" aliuliza.

"Nasikiliza."

Miwani ilikuwa imemteremka puani, hakuipandisha.

"Inasemaje?"

"Uvuguvugu, shangazi. Kidogo tu."

"Mzuri?"

"Mzuri."

Akafumba macho, akaegemea kiti, kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba aliyowahi kuishi.

"Haya," alisema. "Ikianza kuuma, uniambie."