Tupo Ni Jina la Mtu

Haya alinisimulia mjukuu wangu Auleria mwenyewe, likizo ya Juni iliyopita, alipokuja kwangu Chang'ombe tukakaa uani kumenya ndizi. Alianza akicheka, akamaliza hanitazami usoni. Akaniambia, "Bibi, ukitaka kuwasimulia wengine wasimulie, ila usinipunguzie kosa." Basi sikupunguza.

Auleria ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja huko Gongo la Mboto. Ni mkali, wa aina ile inayosahihisha hata kibao cha duka la dawa. Wavulana wakimwona anakatiza uwanjani, mashati yanaingia ndani ya suruali yenyewe. Walimu wenzake wanamheshimu, na mumewe Kasimiri akizungumza na watu hapitishi dakika hajasema, "Mke wangu, mwalimu."

Lakini alikuwa na jambo lake la kitoto alilolificha. Kulikuwa na wimbo. Ulitoka yeye akiwa darasa la saba pale Temeke, enzi hizo bongo fleva ndiyo kwanza inachipuka na kila mtaa una vijana wake. Uliitwa "Kengele ya Kutoka." Msichana mwenye sauti nyembamba anamwambia kijana amsubiri getini kengele ikigonga, asitangulie, asiende na mwingine. Katikati anaingia kijana anayejiita Gibson G, anachana mistari. Redioni walikuwa wakisema, "Huyo ni Gibson G!" basi, wakaenda zao. Habari za msichana hakuna aliyezitaja. Wimbo ulivuma msimu mmoja ukazimika.

Auleria aliunasa redioni kwenye kanda, mtangazaji akiufunika mwanzo wake kwa maneno yake, anataja saa, anatangaza sabuni ya unga. Akaupenda hivyo hivyo na sabuni yake. Mpaka leo ana watoto wake, akipiga pasi anauimba moyoni. Aliupata tena kwenye simu, anausikiliza na spika za masikioni, mlango kaurudishia. Kasimiri akichungulia humuuliza, "Wewe, unasikiliza nini hadi unatabasamu peke yako?"

"Mahubiri," anamjibu.

Ofisini walimu wakizungumzia nyimbo za zamani husifu bendi kubwa za dansi. Hizi za watoto wa shule wanasema ndizo zilizoanza kuharibu lugha. Auleria naye alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Takataka tupu zile." Kisha anarudi nyumbani kupiga pasi.

Siku moja aliwapa kidato cha pili insha ya "Mtu Ninayemwonea Fahari," akawaita mmoja mmoja kusoma mbele. Zamu ikamfikia Blessing, msichana mpole, wa kukaa dirishani. Akasoma:

"Mtu ninayemwonea fahari ni mama yangu. Zamani mama yangu alikuwa mwimbaji. Ndiye aliyeimba 'Kengele ya Kutoka.' Mwanzoni kabisa anajitaja jina lake, Tupo."

"Aaa wapi!" likatoka nyuma. Alikuwa Stanley, mchekeshaji wa darasa. "Madam, muulize na baba yake ndiye Gibson G?"

Darasa likacheka. Hapo mwalimu alipaswa kumnyamazisha Stanley na kumwacha mtoto amalize. Lakini Auleria alijisikia kama mtu aliyefunguliwa kabati lake mbele za watu. Wimbo ule ulikuwa wake. Na tena, jambo lile alikuwa na hakika nalo kuliko hata jina la babu yake. Akashika chaki, akaandika ubaoni: TU-PO.

"Tu, nafsi ya kwanza wingi," akasema. "Po, mahali. Tupo, yaani sisi tuko hapa. Kitenzi kishirikishi. Pale mwanzoni ni wanafunzi wanaitikia mahudhurio. Si jina la mtu. Wimbo ni wa Gibson G, na wale wengine ni kundi tu la watoto. Kaa chini. Insha ijayo uandike ukweli."

"Lakini Madam, mama yangu..."

"Mama yako naye ni wingi?"

"Bibi," aliniambia, "lilikuwa neno tamu mdomoni." Darasa lilipasuka. Watoto walipiga meza, Stanley akalala chini kabisa. Blessing akakunja karatasi yake mara mbili, akaketi.

Tangu siku hiyo wakamwita Wingi. Na kila neno wakamwambia kwa wingi. "Wingi, mmeamkaje?" "Wingi, mmekula?" "Jamani sogeeni, Wingi wanapita." Auleria aliyasikia akipita kwenye veranda. Alidhani ni utani wa kawaida, utaisha.

Asubuhi moja anaita mahudhurio, akafika, "Blessing Mwakalinga." Kimya. Akarudia.

"Wingi hawapo, Madam!" akasema Stanley.

Wakacheka, na Auleria mwenyewe mdomo ukamcheza. Keshoye Blessing hayupo tena, na keshokutwa yake.

Wakati wa chai alikaa na mwalimu Sekela, mtu wa Tukuyu, anayefundisha hesabu. Sekela akasema, "Yule mtoto wa Tupo kagoma shule, nasikia."

"Mtoto wa nani?"

"Tupo. Tupokigwe, mama yake Blessing, nasali naye. Mbona umeshtuka? Kwetu ni jina la kawaida, maana yake tumeokolewa. Kwa mkato, Tupo. Wewe ulidhani nini?"

Auleria akaweka kikombe chini. "Aliwahi kuimba?"

"Wanasema zamani aliimba nyimbo zenu hizo za kidunia. Kwaya wamembembeleza mpaka wamechoka, hataki hata kushika karatasi. Sasa mtoto anamwambia, mama ulinidanganya. Kuna mwalimu kamuaibisha darasani, tena ubaoni. Hivi ni mwalimu gani wa hapa anaweza kufanya ushenzi kama ule?"

"Nitaulizia," akasema Auleria.

Alisema hivyo, nitaulizia, na uso wake mkavu. Kisha akatoka, akaingia stoo ya mipira, akajifungia, akachomeka spika masikioni. Safari hii akausikiliza kwa makini ule mwanzo wa wimbo, usio na mtangazaji wala sabuni. Ilikuwa sauti moja. Msichana mmoja tu anasema, "Tupo," taratibu, kama mtu anayebisha hodi, halafu anaanza kuimba. Hakukuwa na kundi, wala wa kuitikia mahudhurio. Akaurudisha tena na tena kutafuta wale watoto. Ndipo akakumbuka walikokuwa. Walikuwa yeye na wenzake, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kila wimbo ukianza wanapiga kelele wote kwa pamoja, "Tupooo!" Kelele zao wenyewe ndizo alizokuja nazo hadi utu uzima, akaziandika ubaoni.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa Tupokigwe. Mama yule anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha biskuti, alikuwa ndiyo kwanza amerudi, macho mekundu, kanga kiunoni, anakunywa chai. Blessing alikuwa anaosha vyombo mlangoni. Alipomwona mwalimu akainuka, akaingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo," akasema Auleria.

"Heee! Shikamoo ya nini tena, mwalimu? Mie na wewe tumepishana miaka mingapi? Karibu, kaa."

Auleria akakaa. Alikuwa amejiandalia maneno ya kiofisi, kwamba imetokea hali ya kutoelewana. Hayakutoka. Akasema, "Mama Blessing, mwalimu aliyemwaibisha mwanao ni mimi. Nilidhani Tupo ni kitenzi."

"Najua ni wewe. Kaniambia. Kaniandikia mpaka hiyo tu na hiyo po." Tupokigwe akanywa chai. "Nilikuwa nishasema, ukija nitakwambia yaishe, kila mtu anakosea. Wenzio wote walikosea. Hata huyo Gibson aliniambia, jitaje mwanzoni watu wakujue. Nikajitaja. Watu wakadhani tunaitikia!" Akacheka kidogo, kicheko cha pembeni. "Basi mie nikaacha."

Kutoka nyuma ya pazia Blessing akasema, "Mama, muulize yeye aliujuaje huo wimbo. Alijua mpaka pale mwanzoni."

Hilo ndilo Auleria alilokuwa akilikimbia. Kusema nimekosea ni rahisi, mwalimu husema hivyo hata kwenye kusahihisha mtihani. Hili la pili hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikuwa naupenda," akasema. "Bado naupenda. Nausikiliza nikipiga pasi. Mume wangu namwambia ni mahubiri."

"Wewe?" akasema Tupokigwe.

"Mimi."

"Hebu imba."

Auleria alitamani ardhi ipasuke. Lakini akaimba, kwa ile sauti yake ya kuamrisha gwaride, macho chini. Na kwa kuwa ndivyo alivyoujua, alipoanza akaanza na mtangazaji: sasa ni saa kumi na robo, fua nguo zako zing'ae. Tupokigwe akashika kifua akacheka hadi chai ikamwagika. "Jamani, kaimba na tangazo!" Hata pazia lilitikisika.

Kisha Tupokigwe akaacha kucheka. Akafuta meza kwa ncha ya kanga.

"Mwalimu, nikwambie kitu. Asiyenijua akisema sipo, haniumi. Lakini wewe uliupenda. Uliukariri. Na mwanangu alipokuja na jina langu mkononi, ukamwambia mama yako hayupo. Hapo ndipo paliponiuma."

"Nisamehe."

"Nimekusikia," akasema. Hakusema nimekusamehe, na Auleria hakuthubutu kuomba mara ya pili. "Jumatatu atakuja shule, nitamwambia mimi. Ukaseme mbele ya wale wale. Na usinialike nije kuimba kwenye mahafali yenu. Sitaki." Akapiga mwayo. "Sasa niache nilale, mama, nina zamu usiku."

Jumatatu Blessing alikuja, akaketi dirishani. Auleria akasimama mbele, akasema yote. Kwamba Tupo ni Tupokigwe, ni mama yake Blessing, ndiye mwenye wimbo. Kwamba mtoto aliandika ukweli, na mwalimu ndiye aliyesema uongo.

Stanley akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo wewe ulikuwa unaupenda?"

"Naupenda."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Wakapiga meza mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Ilipofika saa ya chai, kila alipopita Auleria kuna aliyepiga mluzi wa "Kengele ya Kutoka." Hakumkemea mtu. Sekela alimtazama kwenye mlango wa ofisi, akamsogezea kiti.

Kengele ilipogonga Blessing akamfuata kwenye veranda. "Madam, nimekuja kwa sababu mama kaniambia. Insha nitaandika. Ila kusoma mbele, sisomi tena."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukiniomba, Madam."

"Sawa," akasema Auleria. Wakati huo huo mtoto mmoja akapita mbio, akapaza sauti, "Wingi, kesho mje mapema!" Blessing akaweka mkoba begani akaenda zake.

Nyumbani Auleria alimweleza Kasimiri baada ya kula. Kasimiri alicheka sana habari ya mahubiri, akamwambia ataanza kuyasikiliza na yeye. Kisha Auleria akafikia lile neno alilolisema darasani.

"Ulimwambia hivyo mtoto wa watu?" akauliza Kasimiri. "Mama yako naye ni wingi?"

"Nilimwambia."

Kasimiri akampapasa bega, akageukia ukutani, punde akaanza kukoroma. Auleria akalala chali, uso umemwaka moto gizani kana kwamba darasa zima bado linamtazama. Akalirudia lile neno lake, akalirudia tena, mpaka usingizi ukamchukua.