Bomba Lisilotoa Moshi

Jumatatu Lyle hakupokea simu. Jumanne msimamizi wake akanipigia kuuliza kama kaka yangu anaumwa, maana lori lake la kusukumia theluji lilikuwa limelala uani siku mbili. Nikasema ana mafua. Nilikuwa nadanganya.

Kila Novemba Lyle hupungua. Huacha kunyoa ndevu, kisha huacha kuja kula kwangu Jumapili, kisha sauti yake kwenye simu huwa kama inatoka chini ya kisima. Aprili huibuka akicheka, akidai kazi zilimzidi. Hapa Fairbanks, kaskazini ya mbali ambako majira ya baridi jua huonekana saa chache tu, jambo hilo tunalifanyia utani. Hata mimi nilizoea kumfananisha na dubu, mnyama anayelala pangoni baridi yote: "Dubu, umeshaingia pangoni?"

Jumatano saa nne asubuhi, bado giza, niliwasha gari. Baridi ilikuwa nyuzi arobaini chini ya sifuri, magurudumu yameganda, yanadunda kama ya mbao. Nilipokata kona ya mwisho nikaiona nyumba yake. Bomba la jiko la kupashia nyumba joto lilikuwa halitoi moshi.

Mlango haukuwa na kufuli. Sebuleni pumzi yangu ilitoka nyeupe. Nikatazama ukutani, mahali inapotundikwa bunduki yake ya kuwindia. Palikuwa na misumari miwili mitupu.

"Lyle!"

Nikakaribia chumba cha kulala.

"Lyle, we! Nijibu!"

Nilishika kitasa cha mlango wa chumbani, nikakiachia, nikakishika tena. Sijui nilisimama pale muda gani. Hatimaye nikasukuma.

Alikuwa kitandani, chini ya mablanketi yote ya nyumba, na koti na buti mwilini. Macho yake yalikuwa wazi.

"Funga mlango, Verna. Unaingiza baridi."

Kicheko na kilio vilinitoka pamoja. "Baridi gani tena? Humu kuna joto gani, mpuuzi wee!"

Hakucheka.

"Bunduki iko wapi?"

Akageukia ukutani. "Kwa Amos." Amos ni jirani yake, mzee anayeishi peke yake. "Nilimpelekea Jumapili. Niliogopa kulala nayo nyumba moja."

"Akakuuliza kwa nini?"

"Hapana. Aliipokea, akaniambia niingie ninywe kahawa. Sikuingia. Ningelia mbele yake."

"Na mimi je? Mbona hukunipigia?"

"Ungeniita dubu."

Nikaenda kuwasha jiko. Njiti tatu ziliniponyoka kabla kuni hazijashika moto. Niliporudi nikamwambia tunakwenda hospitali.

"Kesho."

"Leo."

"Verna, soksi tu zimenishinda."

"Basi nitakuvisha."

Nikamvua buti, nikamvisha soksi kavu, mwanamume wa miaka arobaini na sita, naye akaniachia miguu yake.

Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza waziwazi kama amewaza kujiua. Lyle akanitazama, akasema ndiyo. Daktari hakushtuka. Akatueleza kwamba hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, hii yake huja na giza la msimu, na tiba ipo: vidonge, taa ya mwanga mkali kila asubuhi, na mshauri wa kuzungumza naye kila Alhamisi.

Nikamchukua kwangu. Haikuwa rahisi. Siku za kwanza kila nilipowasha ile taa alinifokea, "Mimi kifaranga?" Nami nilimfokea, "Kaa hapo, unywe chai yako!" Usiku nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Wiki ya tatu niliamka nikasikia koleo likikwaruza nje. Alikuwa anasafisha njia ya mlangoni, hakuna aliyemtuma. Nilisimama dirishani nimejishika mdomo, nisimwite, asije akaacha.

Februari alirudi kazini, Machi akarudi kwake. Hajapona moja kwa moja. Daktari anataka mwaka huu tiba ianze Septemba, kabla mchana haujafupika. Tarehe ipo kwenye kalenda ya jikoni kwangu. Ameiandika Lyle mwenyewe.