Shati Lisilo Lako

Usijifanye huoni. Ulipita pale kila asubuhi, mfuko wa nguo chafu kwapani, na ulipofika usawa wa mlango wa Bwana Pasi ukageuza uso upande wa pili kama mtu aliyeitwa na shangazi yake. Yeye alikuona. Aliujua mwendo wako, aliijua na kola yako, maana aliifua miaka kumi na moja. Akainua mkono akusalimie, akajikuta anaisalimia hewa.

Basi sikiliza ulichokuwa unakikimbia.

Bwana Pasi alikuwa dobi, na nusu ya udobi wake ilikuwa mkewe. Yeye alifua na kupiga pasi. Mkewe, ambaye wateja walimwita Bi Uzi, alitia alama na kupanga. Nguo mpya ikiingia, alishona ndani ya kola mishono mitatu midogo kwa uzi wa rangi ya mteja: mwekundu wa muuguzi, wa kijani wa mwalimu mkuu, wa kahawia wa seremala, hivyo hivyo mpaka wateja thelathini. Nguo zikishakauka aligeuza kola moja moja, akaisoma rangi, akaweka kila nguo kwenye fungu la mwenyewe. Miaka kumi na moja haikupotea hata soksi.

Kisha kiharusi kikaupiga mkono wake wa kulia. Mkono ukalala pajani kama mgeni asiyejua kuaga. Bwana Pasi akachukua sindano na kupanga akapanga mwenyewe. "Kwani nini," alisema, "nashona suti ya harusi?" Mwezi wa kwanza wateja walikuwa thelathini. Wa pili, kumi na wawili. Wa nne, kamba tupu. Na hakuna hata mmoja wenu aliyesema kwa nini! Heri mngemtukana, tusi angalau hujibiwa.

Na yeye, badala ya kumweleza mkewe, alifanya nini? Alifua. Kila asubuhi alichota maji akaloweka mashuka ya nyumbani yaliyotakata tangu jana, mapazia, shati lake la harusi, akayaanika kuanzia ukutani hadi kwenye nguzo, ili mgonjwa akitazama dirishani aone kazi ipo. Jioni akaanua, akapiga pasi, akakunja. Kesho yake akaloweka tena. Mtu mzima na mvi zake, anafulia mapenzi.

Ila mapenzi hayachemshi chungu. Alikuwa ameitiwa kazi ya bawabu kwenye ghala moja, mbali, ya kulala huko huko na kurudi Jumapili kwa Jumapili. Jumatatu walitaka jibu. Na wiki nzima, watoto wote wakiwa wameshahamia mbali, nani angemfunga mkewe vifungo? Nani angemkatia kucha za mkono ule? Hilo nalo alilimeza.

Ijumaa Bi Uzi akamwita dirishani.

"Baba we!"

"Naam, mama."

"Lile shuka la bluu la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani huyo anayekojoa kitandani kila siku? Wiki hii nimeliona mara nne."

"Watu wana matatizo yao, mke wangu. Tusiwatangaze."

"Lina kiraka pembeni. Nilikitia mimi, nikiwa na mimba ya kitindamimba wetu. Mwongo mkubwa we. Njoo ndani."

Akaingia, akaketi kwenye kigoda, akayatapika yote: wateja, ghala, Jumatatu. Bi Uzi hakulia. Alisema, "Leta kopo la nyuzi." Likaletwa. "Nipe uzi mwekundu."

Akampa, kwa uhakika wote wa mwanamume, uzi wa kijani.

"Nipe wa kahawia."

Akampa mwekundu.

"Baba we, rangi huzioni?"

"Naziona! Nyeupe, nyeusi, bluu. Na hizi nyingine."

"Hizi nyingine!" Bi Uzi akacheka mpaka mkono uliolala ukatikisika. "Ndiyo maana siku unanichumbia nilivaa gauni jekundu, ukaniambia nimependeza kama majani mabichi. Mimi nikadhani nimepata mshairi!"

"Si ulikubali?"

"Nilikubali, ndiyo. Nimeolewa kwa ulemavu wa macho."

Halafu kicheko kikamkatika. "Ina maana shati la muuguzi ulimpa mwalimu. La mwalimu likaenda kwa seremala."

"Na hawakuyarudisha?"

"Warudishe vipi? Kila mmoja analilia lake lililopotea, na huku amevaa la mwenzake. Unadhani wanageuza uso kwa hasira? Haya zinawala, baba. Lete kalamu."

Kwa mkono wa kushoto, mistari ikipinda kama njia ya panya, akamchorea alama zisizohitaji rangi: msalaba wa muuguzi, ngazi ya mwalimu, pembetatu ya seremala. Bwana Pasi akajaribu kuzishona kwa uzi mweusi kwenye kitambaa, mkewe amemshikia.

Jumamosi wakatoka. Yeye alikuwa amejifundisha maneno matamu, "wateja wetu wapendwa" na kadhalika. Bi Uzi, aliyemwegemea begani, akamkatiza. "Usiende kuomba kazi. Nenda kadai nguo."

Walianza kwa seremala. Akawapokea kwa kelele nyingi.

"Karibuni, karibuni! Jamani, kazi zimenibana, hata kupita nashindwa."

"Geuza kola," alisema Bi Uzi.

"Nini?"

"Kola ya hilo shati ulilovaa. Igeuze niisome."

Mishono mitatu, kijani. Seremala akatazama maranda sakafuni. Kisha akaruka juu. "Na langu la mistari je? Lile lilikuwa la marehemu baba!"

"Ndilo tunalolifuata, shemeji. Vua hilo kwanza."

Akabaki kifua wazi katikati ya mbao zake. Mwalimu mkuu, alipoona shati lake limerudi, aliingia chumbani, akatoka na la muuguzi, limekunjwa vizuri, halijavaliwa hata siku moja. Na kwa muuguzi likapatikana la mistari.

"Nililipiga pasi mwenyewe," alisema muuguzi.

Bwana Pasi akaitazama ile mikunjo kama mtu anayetazama mtoto aliyeanguka. "Mwanangu," alisema, "ulilipigia pasi au ulilikalia?"

Muuguzi akacheka, akafuta macho, akamletea na furushi zima lililokuwa nyuma ya mlango.

Mpaka Jumapili jioni, kambani zilikuwepo nguo za watu kumi na tisa. Shuka la bluu lilirudi kitandani kwake. Jumatatu wenye ghala walipelekewa salamu: waambieni mzee ana kazi.

Lakini karani wa posta bado anadai shati lake la kijivu. Bwana Pasi na mkewe wamepita kila nyumba waliyoijua. Ni wewe tu uliyehama mtaa bila kuaga. Bi Uzi ameacha kiango kitupu cha nguo kwenye msumari wa mlangoni. Mumewe akinung'unika, humwambia, "Mwache. Ana haya tu huyo. Atakuja."

Yeye anasubiri kwa upole. Mimi upole sina. Inuka hapo ulipo. Fungua kabati. Geuza kola moja baada ya nyingine, na ukikuta mishono mitatu ya rangi isiyo yako, usilikunje tena, usiseme kesho. Lipeleke sasa hivi, na nguo zako chafu uzibebe.