Kocha Asiye na Cheti

Chama cha mpira kilishatangaza: kuanzia msimu ujao, hakuna kufundisha watoto bila cheti. Basi wazazi wa timu wakakutana darasani Jumapili kumwombea kocha wao asiguswe na sheria hiyo. Walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse videvu, wakaongea kama watu walioshakubaliana. Lilibaki neno moja tu, la mama mmoja, fundi cherehani, aliyekaa nyuma kabisa. Kocha alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na mtoto wa timu aliyefariki baada ya mechi alikuwa mwana wa mama huyo.

"Mama Kiwembe akiridhia, nani mwingine atapinga?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

Kiwembe ndilo jina walilompa mwanawe kwa jinsi alivyokuwa akiwapita mabeki. Siku ile aligongana vichwa na golikipa, akaanguka. Kocha alikuwa na kipimo chake cha miaka yote: mtoto akianguka, anaulizwa matokeo ya mechi. Akijibu sawasawa, anamwagiwa maji kichwani na kurudi mchezoni. Kiwembe alijibu. Angekosea vipi, na mabao yote mawili alifunga yeye? Akacheza hadi filimbi ya mwisho, akafika nyumbani akilalamika kichwa, akalala. Hakuamka tena.

Daktari hakumung'unya maneno. Mtoto aliyegonga kichwa namna ile anatolewa na kukimbizwa hospitali, hata kama anaweza kutaja kikosi kizima. Kwenye kozi ya makocha, alisema, hilo hufundishwa mapema kabisa.

"Ajali haina kinga," mzazi mmoja alisema sasa.

"Na huyu ndiye aliyewatoa wanetu vijiweni," akadakia mwingine. "Hizo karatasi zingewatoa?"

Yote yalikuwa kweli, na ukweli wake ulimchoma Mama Kiwembe. Kozi ilitaka mtu aliyemaliza sekondari. Kaka yake aliacha shule baba yao alipofariki, akaenda kuchomelea mageti, ili yeye mdogo mtu akasomee ushonaji. Cheti alichopata kilikuwa ukutani juu ya cherehani, kwenye fremu ya chuma aliyoiunda kaka huyohuyo. Leo asimame amdai cheti? Kwa uso gani?

Akasimama hivyohivyo.

"Nampenda kaka yangu. Amenilea. Lakini asifundishe tena mtoto wa mtu mpaka afundishwe yeye. Mimi nimeshazika, sitaki mwenzangu azike."

Kisha mtu mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Asante ya punda ni mateke." Mama Kiwembe hakugeuka kumtazama. Alichukua mkoba wake, akatoka.

Kaka yake alikuwa nje, ameegemea ukuta chini ya dirisha. Alikuwa amesikia kila kitu. Wakaongozana hadi barabarani, Mama Kiwembe akitafuta pa kuanzia.

"Kaka, nisamehe."

"Usiniombe msamaha, mdogo wangu." Akasimama. "Tangu tumzike, kila mtu ananiambia si kosa langu, Mungu amependa. Na wewe unanipakulia chakula, unanifulia mashati. Nimekosa hata wa kunilaumu. Nilie vipi mbele yako, wakati mnasema sikufanya kitu?"

"Ulimrudisha uwanjani," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Nilimrudisha."

Akampiga. Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, pale barabarani, watu wakisimama kutazama, naye kaka hakukwepa wala hakuinua mkono. Alimpiga mpaka nguvu zikamwishia, akabaki ameng'ang'ania shati la kaka yake. Ndipo wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu msiba, wakamlilia mtoto wao pamoja.