Miti ya Bibi Kalamu

Mjomba alifika ofisini asubuhi akipapasa ukuta, na kabla hajaketi akasema kilichomleta.

"Nataka kuiona miti ya mke wangu. Daktari anasema hili jicho lililobaki nalo linaaga. Niione, mpwa wangu, maadamu Mungu bado ameniachia mwanga kidogo."

Mpwa wake, mchora ramani aliyeirithi meza yake, akaigeukia kompyuta. Juma lile alikuwa amefanya usafi kwenye kompyuta. Ramani ya soko, yenye miti hiyo, ilikuwa na mchoro mama ambao wenyewe haukuwa na kitu. Kuta zilikaa kwenye faili lake, mabomba kwenye lake, nyaya kwenye lake, miti kwenye yake. Mama akifunguliwa, huwaita wanawe wote wakaja kujipanga mmoja juu ya mwingine. Yeye, kwa kupenda unadhifu, aliwahamishia watoto wale kwenye folda mpya. Mama akabaki anawaita kwenye nyumba ya zamani.

Mpwa akaufungua mchoro mama. Ikatokea fremu tupu, na pembeni majina matupu yenye alama nyekundu.

"Mbona kweupe?" Mjomba akauliza, pua nusura iguse kioo. "Au ndiyo jicho limeshaondoka?"

"Jicho lipo, Mjomba. Ni mimi nimehamisha watoto bila kumwambia mama yao."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, kawarudishe. Anza na kuta."

Akaanza, faili moja moja, akimwonyesha mama kila mwana alikohamia. Kuta zikatokea. Mjomba akavuta kiti, na maneno yakamtoka taratibu: zamani chumba hiki kilikuwa na meza ya kioo, taa chini yake, yeye na wenzake wakibandika karatasi nyepesi moja juu ya nyingine, kuta chini kabisa, maji juu yake, miti mwisho. Miti ilikuwa kazi ya mkewe, aliyeitwa Bibi Kalamu na ofisi nzima. Wenzake walizungusha duara wakaliita mti. Yeye alichora kila mti na ukingo wake wa majani, huku akiimba sala kwa sauti ya chini. Kompyuta zilipokuja akaendelea vilevile.

"Tulimcheka," alisema Mjomba. "Nikamwambia, mama, wenye soko hawahesabu majani. Akanijibu, aliyeyaumba anayahesabu."

Mabomba yakaja, kisha nyaya. Ikabaki miti, na mafaili ya miti yalikuwa matatu. La kwanza likaleta maduara kama vifuniko vya chupa.

"Huo si mkono wake," Mjomba akasema upesi.

La pili halikuwa na kitu. La tatu mpwa akalikuta kwenye folda ya vitu vya kufuta, alikolitupa kwa kudhani ni nakala. Ee Mola, akasema moyoni, akalibonyeza.

Soko likavaa miti, hakuna miwili iliyofanana.

Mjomba akasogea, akafumba jicho, akafumbua. "Kioo kinanichoma. Naona kijani tu. Sioni mkono wake."

Mpwa akazima kuta, akazima mabomba na nyaya, akaiacha miti peke yake na kuituma kwenye printa, kwenye karatasi kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Akaitandaza mezani, akaivuta taa karibu.

Mzee akainama. Akatoka mti hadi mti kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Mpwa akasimama kando, wala hakugusa simu iliyokuwa ikiita.

Penye kona ya lango kidole kikasimama.

"Huu hapa!" Mjomba akapaza sauti, uso wote ukimeremeta. "Shina limepinda. Nilimwambia aunyooshe, akanigomea siku nzima. Mkaidi yule!"

Akauwekea kiganja mti ule, akakaa hivyo, na mpwa wake akamvutia kiti nyuma ili asichoke.