Bakuli Kwenye Sinia

Shangazi Dolatkhanu alikuwa na dawa ya kila ugonjwa, na dawa yenyewe ilikuwa kunyamaza. Tumbo la Alefiya lilipoanza kumkata, alisema ni gesi. Damu ilipoonekana chooni, alisema ni kijicho cha majirani. Daktari alipotaja vidonda kwenye utumbo mpana, ugonjwa wa kuishi nao, shangazi akatoa amri: "Neno hilo lisivuke mlango wa duka letu la vitambaa."

Leo Kamran na mama yake walikuwa wamefika Mikindani kumposa Alefiya.

"Utakula," shangazi alinong'ona jikoni, akimrekebishia mtandio kama anayefunga bidhaa ya mteja. "Mama yake humtazama msichana anavyokula. Asiyekula hazai, ndivyo anavyosema."

"Na nikikimbilia chooni katikati ya posa?"

"Utajibana."

Alefiya akacheka puani. Kujibana! Mwanamke aliyelala kutwa kwa mwiba wa samaki kidoleni ndiye wa kumfundisha kuvumilia.

Nyumba mbili zikaketi kwenye sinia moja, kama ilivyo desturi yao. Kila mmoja akaonja chumvi kwa ncha ya kidole, ndipo mikono ikaingia kwenye biriani. Kwenye sinia hakuna pa kujificha: wali usioliwa mbele yako unakusema, na hanyanyuki mtu kabla wenzake hawajashiba. Mama Kamran alijisifu kwamba ukoo wake haujui hospitali, huku akisukumia manofu yenye pilipili upande wa Alefiya, kama anayenenepesha mbuzi wa sikukuu. Kamran alisimulia gari lake jipya. Hakumuuliza Alefiya lolote.

Alefiya alimeza tonge, akameza jingine. Chini ya kitovu kukakaza, kisha kukasokota kama nguo inayokamuliwa. Jasho likamtoka.

"Mbona bibi harusi wetu anachezea chakula?" akauliza Mama Kamran. "Anaogopa kunenepa?"

"Anajitunza umbo tu, dada," shangazi akadakia, akicheka kile kicheko chake cha kuuzia vitambaa vilivyochuja.

Kicheko hicho ndicho kilichomshinda Alefiya, kuliko hata tumbo.

"Sijitunzi umbo," akasema. "Nina vidonda kwenye utumbo mpana. Haviambukizi, sijarogwa, na sijapona. Kuna siku naharisha damu."

Mkono wa Mama Kamran ukaruka kutoka kwenye sinia. Kamran akamgeukia mama yake, akingoja kuambiwa akasirike au asikitike. Na huyu ndiye aliyekuwa akipambiwa nyumba nzima!

Alefiya akanyanyuka, akaenda chooni bila kuomba radhi. Aliporudi alipitia jikoni, akachukua bakuli lake la mashendea, wali laini usio na pilipili wala viungo, akalitua juu ya biriani, palepale mbele yake. Akaketi.

"Mtoto huyu katuvunjia heshima!" shangazi akafoka.

"Nakula, shangazi. Si ulitaka nile?"

Wageni walikuwa tayari mlangoni wakitafuta viatu, wali wao ukiwa umebaki. Shangazi akawakimbilia, akiapa kwamba binti anatania.

Baba yake Alefiya, Rahemtulla, aliyekuwa ameinamia chakula muda wote kama mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuwasindikiza. Alinyoosha mkono, akachota mashendea kutoka kwenye bakuli la bintiye, akatafuna polepole.

"Hayana ladha kabisa," akasema.

"Hayana, baba."

Akakisogeza kisahani cha chumvi katikati yao, akangoja binti aonje kwanza.