Nyuma ya Kisima

Kitu cha kwanza alichokigundua Bi Harusi alipoletwa kwenye mji ule mdogo ni kwamba Kengeleni hapakuwa na kengele. Palikuwa na duka la vocha na fundi wa pikipiki. Kwenye Kinu hapakuwa na kinu, na Kambini walilala mbuzi. Wenyeji hawakuliona hilo. Ukiwauliza njia, walikuelekeza kwa vitu vilivyokwisha kuondoka, kana kwamba bado vimesimama pale vikikusubiri.

Angeuliza, lakini haya zilimfunga mdomo. Shule aliiacha darasa la tano, na alijiwekea moyoni kwamba kila asichokijua yeye, wenzake walifundishwa siku ambayo hakuwepo.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, nyumbani mpita njia tu. Siku zote za Bi Harusi zilikuwa za mavyaa wake, fundi cherehani. Mavyaa hakuwa mkali, ila mkasi wake wa kukatia nguo haukuguswa na mtu. Bi Harusi alifagia vipande, alipiga pasi, alishona vifungo, alipeleka nguo kwa wateja. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye mkasi. Aliutazama ukipita kwenye kitambaa, mate yakimjaa kinywani kama anayetazama wenzake wakila.

Shida ilikuwa kupeleka. Gauni la mkunga lilikuwa limerudi tena.

"Makubwa!" wifi yake alicheka mlangoni. "Gauni hili limetembea kuliko mimi. Likatieni tiketi basi."

"Nimepakosa," alisema Bi Harusi, sauti ikiishia kwenye kola.

Mavyaa akavua miwani. "Mwanangu, mkunga kesho anasafiri, anakwenda kumwoza mwanawe. Likirudi mara nyingine sina budi, nitamchukua binti wa jirani. Kupeleka atapeleka yeye, na cherehani ya pili ataikalia yeye. Mabatini, nyuma ya kisima! Pana ugumu gani hapo?"

Bi Harusi akalibeba gauni mpaka njia panda. Mabati aliyaona kila upande, maana hapakuwa na nyumba isiyoezekwa kwa mabati. Kisima hakukiona. Alisimama mpaka muuza vocha akaanza kumtazama. Akawaza ile cherehani ya pili, na binti wa jirani ameikalia. Akapiga moyo konde, akageuka, akarudi.

"Mama," alisema, "si kwamba nimepakosa. Sijawahi kupaona. Kisima hakipo."

Wifi alifungua kinywa atie lake, mavyaa akamzima kwa jicho.

"Hakipo kivipi?" Akainuka, akachukua fimbo. Goti lilikuwa limemfungia uani mwaka mzima. "Haya, twende ukanionyeshe kisima kisichokuwepo."

Walikwenda pole pole, Bi Harusi amebeba gauni, mavyaa akisimulia. Pale penye mbuzi ndipo mji ulipoanzia: kambi ya vibarua waliopasua barabara. Barabara ilipokwisha vibarua wakaondoka, akabaki mpishi wao, kwa sababu alikuwa amepanda mihogo na roho haikumpa kuiacha ingali michanga. Baadaye akaja mwenye kinu cha kukamulia mafuta, kilichozungushwa na punda kipofu. Kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichosahauliwa na wajenzi. Ikigongwa, ujue kuna moto.

"Ila mpishi aliigonga hata akizidiwa na upweke," alisema mavyaa. "Watu wanakuja mbio na ndoo, wanamkuta amekaa kitako. Karibuni chai, anawaambia."

Bi Harusi akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo.

"Cheka tu! Nani amekukataza?"

Na Mabatini ilisimama nyumba ya kwanza ya bati. Mvua ikinyesha, watoto wa mji mzima walikwenda kukaa barazani ili wausikie mlio wake.

Lakini walipofika, mavyaa alisimama. Mbele yao palikuwa na ghorofa, ukuta mrefu na kichochoro.

"Kilikuwa hapa," alinyoosha fimbo. "Au pale." Uso wake ukawa wa mtu aliyeamkia nyumba ya wenyewe. "Jamani, nimepotea. Mimi! Mabatini!"

Bi Harusi akatazama chini, kama ilivyokuwa desturi yake. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila jani, lakini kando ya ukuta palikuwa na nyasi mbichi, zimezunguka kama mkeka wa duara.

"Mama, hicho kisima kilikuwa cha duara?"

"Duara, ndiyo."

"Basi wamekifukia, ila maji hayajaambiwa."

Mavyaa akamgeukia, akamtazama kama aliyemwona leo. Wakauzunguka ukuta. Nyuma yake mkunga alikuwa anaanika nguo.

"Hee! Fundi kwa miguu yake!" mkunga alipiga kelele. "Nilishakata tamaa, nikasema nitakwenda harusini na sare ya kazi!"

Wakati wa kurudi mavyaa alijishikiza begani kwa Bi Harusi. Kisha akasema, "Nilipoolewa hapa, mavyaa wangu alinituma kwa mpishi. Niliuliza nyumba hadi nyumba. Kumbe mpishi yuko kaburini siku nyingi, na kwake wanakaa wauza chumvi. Nilirudi nalia."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini, anione mjinga? Nilimeza, nikajifunza mji kwa kupotea." Akaegemea fimbo. "Na mimi nimekutenda yale yale, bila hata kufikiri. Nisamehe, mwanangu. Binti wa jirani abaki kwao. Nguo utapeleka wewe, na cherehani ni yako."

Angeweza kusema ahsante na kunyamaza, kama siku zote. Alikwisha kuinamisha kichwa. Lakini kicheko cha njiani kilikuwa kimemlegeza koo.

"Kupeleka nitapeleka, Mama," alisema, "lakini nataka unifundishe kukata. Nataka kuushika mkasi."